Kabla Mwalimu Hajalipia Rauta

Aliye jikoni apunguze moto, aliye karakana azime mashine kwa dakika chache, maana leo zinazungumzwa mashine hizo hizo.

Mada ni rauta. Na kabla mtu hajageuka kukiangalia kile kisanduku cha intaneti chenye taa za kijani pale ukutani, tuelewane mapema: siyo rauta hiyo. Hii ni rauta ya seremala, ile inayolia kama mzinga wa nyuki uliochokozwa na kumpaka fundi vumbi mpaka kwenye kope. Jina moja, kazi mbalimbali. Anayeagiza kwa simu amwambie muuzaji wazi kwamba anataka ya mbao, asije akaletewa ya bando.

Kuieleza si kazi. Ni mota iliyosimamishwa wima juu ya kitako bapa. Chini ya mota kuna koleti, yaani kinywa cha chuma kinachouma mkia wa biti, kama drili inavyouma keekee yake. Kwa kawaida biti inazunguka mara 10,000 hadi 30,000 kwa dakika, na kila inapopita inaacha umbo lake. Ukingo wa meza uliokuwa mkali unakuwa wa mviringo. Ubao unapata mfereji wa kukalisha rafu. Mlango unachimbiwa nafasi ya bawaba, na fomaika iliyochungulia nje ya ubao inakatwa ikalingana na ukingo. Kazi ya patasi na nyundo ya asubuhi nzima, rauta huimaliza kabla chai haijapoa.

Swali la leo ni hili: mtu asiyeishi kwa useremala, anayepiga randa Jumamosi kwa mapenzi yake tu, na pesa yake ni ya kuhesabu, anunue rauta gani?

Tumchukue mwalimu. Ni mwalimu wa mfano, lakini kila msikilizaji anamjua wa namna yake. Anafundisha fizikia katika sekondari moja Morogoro. Nyuma ya nyumba ana banda la mabati lenye meza nzito, msumeno, randa ya mkono, drili ya kawaida na klampu mbili. Amemwahidi binti yake kabati la vitabu. Viungo vya misumari ameshavichoka, anataka rafu zikae ndani ya mifereji kama kwenye samani za dukani. Basi siku ya likizo anapanda basi hadi Dar es Salaam, anashuka, anaingia Kariakoo upande wa Gerezani kwenye maduka ya zana. Muuzaji anampangia mezani maboksi matatu. Bei zake zinakaribiana kabisa, na hapo ndipo kichwa kinapoanza kumuuma.

La kwanza ni kubwa. Ndani yake mna rauta ya kuzama yenye mishikio miwili, nguzo mbili na springi za kuizamisha biti ndani ya mbao, na ubavuni mwa boksi imeandikwa kwa wino mwekundu: wati 2,200. La pili ni mtumba uliotoka ng'ambo, chuma kizito chenye jina kubwa, umekwaruzwa kidogo lakini unang'aa. La tatu ni dogo mpaka linatia aibu: trima, rauta ya kushikwa kwa mkono mmoja, wati mia saba na kitu.

Wengi, kwa pesa ile ile, watachukua lile kubwa. Ni hesabu ya sokoni: ukipewa fungu kubwa la nyanya na fungu dogo kwa bei moja, nani atachukua dogo? Lakini mashine si nyanya.

Tuanze na wati. Namba iliyo kwenye boksi ni umeme unaoingia kwenye mota. Nguvu inayofika kwenye biti ni pungufu, kwa sababu sehemu ya umeme huo huishia kwenye joto na kelele. Halafu kuna ukarimu wa watengenezaji wenyewe. Rauta kubwa za Marekani huandikwa nguvu za farasi tatu na robo. Mwalimu wa fizikia achukue chaki: plagi ya kawaida ya Marekani hutoa volti 120 na ampia 15, zidisha, unapata wati 1,800. Nguvu moja ya farasi ni wati 746. Gawanya. Hazifiki hata mbili na nusu. Hiyo tatu na robo imetoka wapi? Imetoka kwenye kipimo cha kilele, ile nguvu ambayo mota inaweza kuitoa kwa kitambo kidogo kabla haijakabwa, wala si nguvu ya kufanyia kazi kutwa. Ikiwa majina makubwa yanaandika hivyo, lile boksi la wino mwekundu lisilo na jina linalojulikana lichukuliwe kwa tahadhari zaidi.

Hata kama wati 2,200 ni za kweli, mwalimu anazihitaji? Rauta kubwa ya kuzama ni mashine ya heshima. Umbo lake lilitoka Ujerumani katika kampuni ya Elu, miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1984 Elu ikanunuliwa na Black & Decker ya Marekani, na michoro yake ikaendelea kuishi ndani ya mashine za njano na nyeusi za DeWalt. Siku hizi viwanda vingi vya China hutoa rauta za mtindo huo huo. Kazi yake halisi ni biti nene: kuchonga paneli za milango, kutoboa viungo vya kina kirefu, au kufungwa kichwa chini miguu juu chini ya meza, ubao ukasukumwa juu yake. Fundi wa Keko, Dar es Salaam, anayetoa milango kumi kwa wiki anaihitaji. Lakini mtu akiibeba kwa mikono kuviringisha ukingo wa rafu yenye upana wa kiganja, mashine ya kilo tano au sita inayumba juu ya kipande hicho kama gunia kwenye baiskeli. Ikiinama kidogo tu, ukingo umekwisha.

Na mwendo je? Biti ndogo hupenda mwendo mkali, biti kubwa hutaka polepole. Biti yenye kipenyo cha milimita 50 ikizungushwa mara 24,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Hakuna basi la Morogoro linalofika huko, hata lile ambalo abiria hulisimulia. Rauta yoyote itakayofungwa biti pana lazima iwe na kidude cha kupunguza mwendo, na kidude hicho kifanye kazi kweli. Kwenye baadhi ya mashine za bei ya chini kinazunguka vizuri tu, sauti ya mota haibadiliki.

Sasa boksi la pili, ule mtumba. Hapa mwalimu asiangalie jina, aangalie kibandiko kidogo ubavuni. Umeme wa Tanzania ni volti 230, Kenya 240, na Uganda ni huko huko. Zana za Marekani ni za volti 120, za Japani ni 100, na zile za maeneo ya ujenzi ya Uingereza zenye plagi ya njano ni 110. Mota ya volti 120 ikichomekwa kwenye soketi ya Morogoro huwaka kwa kishindo, hupiga kelele ambayo mwenye nayo hajawahi kuisikia, kisha hutoa moshi. Muuzaji atasema, "Mzee, unaweka transfoma tu." Ni kweli, inawezekana. Lakini transfoma ya kubeba rauta kubwa ni nzito, nayo ina bei yake, na ile nafuu ya mtumba imekwishaliwa hapo hapo. Mtumba wa volti 230 au 240 ni habari nyingine. Ukipatikana mzima, mara nyingi unaishinda mashine mpya isiyo na jina. Kibandiko kwanza, basi. Turudie kwa waliofungua redio sasa hivi: kabla ya jina, kabla ya rangi, soma volti.

Linabaki lile boksi dogo. Trima ilizaliwa kwa kazi moja ya unyonge, kupunguza kingo za fomaika, na jina lake limetoka huko. Lakini mafundi waligundua zamani kwamba kitu kinachopunguza fomaika kinaweza pia kuviringisha ukingo, kuchimba nafasi ya bawaba, na kupiga mfereji usio wa kina kirefu. Makita RT0700C ina wati 710, mwendo wake unarekebishwa kati ya mizunguko 10,000 na 30,000, na uzito hauzidi kilo mbili. Bosch GKF 550 ina wati 550 na mwendo mmoja tu, 33,000. Hizo ni za majina. Chini yake kuna jeshi zima la trima za China zilizofuata umbo lile lile la mkebe mwembamba juu ya kitako kidogo, kwa sehemu tu ya bei. Baadhi ni nzuri, nyingine ni za kusikitisha, na kwa macho peke yake huwezi kuzitofautisha.

Kwa kabati la vitabu la binti wa mwalimu, trima inatosha. Hilo lisemwe wazi bila kuzungukazunguka. Inatosha na inabaki. Hata kwenye LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, haiumizi: kuiendesha kwa nguvu zake zote saa nzima ni chini ya uniti moja, na hakuna anayeiendesha saa nzima bila kupumzika, kwa sababu muda mwingi wa kazi ya rauta ni kupima na kufunga klampu.

Lakini trima ipi? Hapa ndipo penye kiini, na hapa tukae kidogo.

Rudi kwenye koleti, kile kinywa cha chuma. Dunia haikukubaliana kuhusu unene wa mkia wa biti. Wamarekani wanatumia inchi: robo inchi kwa mashine ndogo, nusu inchi kwa kubwa. Ulaya wanatumia milimita: 6, 8 na 12. Waingereza wamechanganya, wana robo, nusu, na milimita 8. Masoko ya Kariakoo, Gikomba na Kampala yanapokea bidhaa kutoka pande zote, kwa hiyo zote zimo, mara nyingine kwenye kasha moja. Hata ile Makita RT0700C huuzwa Ulaya ikiwa na koleti za milimita, na ndugu yake wa Marekani ana ya robo inchi.

Robo inchi ni milimita 6.35. Sasa mtu ana mashine ya robo inchi, amekwenda dukani akauziwa biti ya milimita 6. Anaiingiza, inaingia vizuri, tena kwa urahisi. Anakaza nati, inakaza. Tofauti haifiki nusu milimita, unene wa kucha. Anawasha, anaanza kupiga mfereji wa kina cha milimita 5 kwenye ubao wa mkongo. Sentimita kumi za kwanza ziko sawa. Kisha sauti inabadilika, inakuwa nzito. Anadhani mbao ina fundo, anasukuma zaidi. Akifika mwisho anaweka rula ndani ya mfereji: mwanzo ni milimita 5, mwisho ni 8. Biti ilikuwa inateremka kidogo kidogo ndani ya koleti isiyoishika, na bahati yake ni kwamba iliteremka tu. Ingeweza kutoka kabisa. Biti inayotoka kwenye mashine inayozunguka mara 30,000 haina adabu, na haichagui inaelekea wapi.

Kwa hiyo? Milimita sita iende kwenye koleti ya sita, robo inchi iende kwenye koleti ya robo inchi. Isikubaliwe "itashika tu". Mtu achague mfumo mmoja na kuufuata maisha yake yote ya Jumamosi, kulingana na biti anazoziona zikiuzwa mjini kwake. Kama maduka ya jirani yamejaa seti za robo inchi, basi mashine iwe ya robo inchi. Milimita 8 ni nene zaidi na haitetemeki sana, ila hakuna faida ya kuwa na koleti ya nane mahali ambapo biti ya nane haipatikani mpaka uagize.

Na koleti yenyewe ichunguzwe. Koleti nzuri ina mipasuko mingi iliyokatwa safi, na ndani ni laini kama pete. Koleti mbaya ina mipasuko miwili mitatu, na ukipitisha kidole unahisi mikwaruzo. Nyingine huharibiwa na mwenye mashine mwenyewe: akimaliza kazi anatoa biti kisha anakaza nati koleti ikiwa tupu. Chuma kinajikunja na hakirudi. Nati iachwe legevu, basi.

Msikilizaji mmoja huko atauliza: kwani dukani mtu anaweza kuyaona haya yote? Anaweza, akiwa na subira na ulimi mtamu. Mwalimu wetu kabla ya safari alipita kwa mzee mmoja fundi, jirani yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Naona una safari ya Dar."

"Nakwenda kutafuta rauta. Nimeambiwa kuna moja ya wati elfu mbili na mia mbili."

Mzee akacheka. "Namba hiyo si ya kukatia mbao, mwalimu, ni ya kuuzia boksi. Wewe beba rula ya chuma na biti moja. Mashine uijaribu hapo hapo dukani, na kabla hujalipa waulize kaboni zake zipo?"

Rula ya chuma kwa nini? Unaisimamisha kwa ubavu wake juu ya kitako cha mashine na kuinua mwangani. Mwanga ukipita chini ya rula, kitako kimepinda, na mfereji hautakuwa wa kina kimoja. Biti unaifunga kwenye koleti, plagi ikiwa nje, unajaribu kuitikisa kushoto na kulia. Ikicheza, beringi zimelegea au koleti haina maana, na mashine irudi kwenye boksi. Halafu kina: weka milimita tano, kaza, sukuma kitako kwa kidole gumba kwa nguvu. Kikisogea dukani, kitasogea zaidi kwenye mbao.

Ndipo omba iwashwe. Dakika mbili tatu, bila kukata kitu. Sikiliza. Kelele kali ni kawaida, mkwaruzo si kawaida. Chungulia kwenye matundu ya hewa: cheche ndogo za bluu zinaruhusiwa, hasa mashine ikiwa mpya na kaboni hazijakaa sawa. Zikizunguka kama pete ya moto, shukuru muuzaji uondoke. Harufu kali ya waya, vivyo hivyo.

Kaboni ni vile vipande viwili vyeusi vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Huliwa taratibu kama raba ya mwanafunzi, na zikiisha mashine inazima. Mwenye mashine isiyo na kaboni mbadala anadhani imeungua na kuitupa juu ya kabati, kumbe ilihitaji kitu cha bei ya soda mbili tatu. Kabla ya kulipa, muuzaji atoe jozi moja ya akiba. Akisema hazipo, swali linalofuata ni koleti ya akiba. Nayo ikiwa haipo, huyo anauza mashine ya kutumika mara moja. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, idaiwe pia, na jina lililo kwenye mashine lisomwe herufi kwa herufi. Bidhaa bandia zenye rangi ya kampuni kubwa na jina lililopotoshwa herufi moja zimejaa, na Tume ya Ushindani nchini Tanzania imekuwa ikizikamata kwa miaka mingi bila kuzimaliza.

Baada ya hapo inakuja pesa iliyobaki. Wengi hawabakizi. Wanamaliza yote kwenye mashine, biti wanachukua zile zilizomo ndani ya boksi. Kosa. Biti ndiyo inayogusa mbao. Mashine ya kawaida yenye biti kali hukata vizuri kuliko mashine ya fahari yenye biti butu, na biti butu haikati, inachoma: mbao inabaki na alama nyeusi kama chapati iliyosahauliwa. Biti ziwe zenye ncha za kabaidi. Za chuma kitupu zinafaa paini ya Mafinga, lakini kwenye mtiki zinakwisha upesi, kwa sababu mtiki una silika ndani yake, kama mchanga uliofichwa. Plaiwudi na MDF nazo zina gundi inayokula makali. Seti ya biti kumi na mbili yenye kasha la mbao inapendeza, lakini mwenye kabati la vitabu atatumia tatu: iliyonyooka ya milimita 6 au inayokaribia, ya kuviringisha kingo yenye beringi, na ya kukata usawa yenye beringi. Bora tatu nzuri.

Twende bandani kwa mwalimu sasa, tumwone akipiga mfereji wa kwanza. Plaiwudi yake imeandikwa milimita 18. Akiipima, ni pungufu kidogo, kama ilivyo kawaida ya plaiwudi. Angenunua biti ya milimita 18, rafu ingecheza ndani ya mfereji. Kwa biti ya sita anapiga mstari, anasogeza, anapiga tena, mpaka rafu iingie kwa kusukumwa na kiganja. Ili mashine iende mstari mnyoofu anafunga fito iliyonyooka kwa zile klampu mbili, kitako kiteleze kikiigusa. Fito ikae wapi? Kitako chake kina upana wa milimita 90, biti ni 6. Toa sita, gawanya kwa mbili: 42. Kila mara fito inakaa milimita 42 kutoka ukingo wa mfereji. Anakata kibao cha upana huo huo, anakiandika "42" kwa penseli na kukitundika msumarini. Hatapima tena.

Hachimbi kina chote mara moja. Milimita mbili, tatu, kisha tena. Biti ameiingiza mpaka ndani halafu akairudisha kama milimita mbili, isikae ikigusa kitako cha shimo. Na upande wa kwenda? Kwenye ukingo wa nje ulio mbele yake, mashine inatoka kushoto kwenda kulia. Biti inazunguka kama saa, hivyo akienda hivyo mbao inaikataa biti na mkono unabaki na mamlaka. Akitoka kulia kwenda kushoto, biti inapanda juu ya mbao na kuivuta mashine kama mbuzi aliyeona majani. Turudie hili pia: ukingo wa nje, kushoto kwenda kulia.

Waya wa ekstensheni uwe mnene, na ukunjuliwe wote. Waya mwembamba hupunguza volti, mota inachoka, mtu anasukuma, mota inachemka. Jioni umeme ukishuka ni vivyo hivyo. Heri kungoja asubuhi.

Miwani ni lazima. Masikio yazibwe, maana kelele ya rauta inapita kwa urahisi desibeli 85 ambazo wataalamu wa afya huzihesabu kama mpaka. Shati la mikono mirefu likunjwe, shuka la kiunoni lifunguliwe kabisa. Plagi itolewe kila biti inapobadilishwa, hata kama ni kwa nusu dakika. Vumbi nalo si la kuchekea: taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani ililiweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Barakoa inayobana pua, na banda liwe na upepo.

Kuna jambo ambalo rauta hii haitalifanya, na watu wa Unguja na Lamu wameshalijua: haitachonga nakshi za mlango. Yale maua na minyororo ya kwenye milango ya Pwani ni ya patasi na mkono uliofundishwa. Rauta inaweza kumsaidia mchongaji kuondoa mbao isiyotakiwa kuzunguka ua. Ua lenyewe ni lake. Na mwenye hamu ya kuanza kufundishwa mikono, vyuo vya ufundi vya VETA vina kozi za useremala, zikiwamo za muda mfupi.

Je, za betri? Kwa mtu ambaye tayari ana drili ya betri ya volti 18 ya kampuni inayotengeneza pia trima, mashine tupu bila betri inaweza kuwa nafuu kweli. Kwa anayeanza kutoka sifuri, betri na chaja vitammaliza.

Basi mwalimu alirudi na lile boksi dogo: trima ya robo inchi, wati mia saba na kitu, kidude cha mwendo kinachobadilisha sauti ya mota, jozi mbili za kaboni na biti tatu za kabaidi. Boksi la wino mwekundu aliliacha mezani. Siku atakapoamua kutengeneza milango ya nyumba, atalirudia, na hapo atakuwa ameshajua anachokitafuta.

Na wewe msikilizaji unayekwenda dukani Jumamosi hii, weka rula ya chuma na biti moja mfukoni, usome volti kabla ya jina, na usiondoke bila kaboni za akiba.